Mdomo wa Mfalme

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kwa hasira, na hasira yenyewe haijapoa mpaka leo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, hapa hapa Likasi, nikijifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Mwalimu wangu alikuwa Papa Mukendi, mzee aliyestaafu kazi ya kuandika vibao kiwandani, akawa anachorea makanisa watakatifu.

Aliniletea picha iliyochapwa kwenye karatasi nene. Ilikuwa ya mfalme wa Ulaya wa enzi za ukoloni, nishani kifua kizima, joho la manyoya mabegani.

"Umuige huyu," akaniambia. "Vile iko."

Mimi nimwige yule! Babu yangu mzaa mama alichukuliwa kwa nguvu enzi zake kwenda kuchimba mawe ya madini, akarudi na kikohozi kilichompeleka kaburini. Basi nikachora kwa chuki. Nishani nilizitengeneza vizuri, na joho pia, maana manyoya hayakuwa na kosa. Lakini nilipofika usoni, nikampinda mdomo kama mbwa anayetaka kuuma, macho nikayatia wekundu, pua nikairefusha. Majirani walikuja wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikavimba kichwa.

Papa Mukendi alipofika hakucheka. Alichukua kisu cha kukwangulia rangi, akaukwangua uso wote mpaka kitambaa kikaonekana.

Nikapiga kelele, "Papa! Weye unamutetea huyu muntu?"

"Kumutetea?" Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Baba yangu walimupiga fimbo mbele yangu, na miye nilikuwa nahesabu. Usinifundishe kasirani! Kasirani yako iko na haki. Macho yako ndiyo iko mvivu. Nilikuambia umuangalie, weye ukajiangalia mwenyewe."

Siku nne sikukanyaga kwake. Ya tano nilirudi kwa ubishi tu, nimwonyeshe kwamba naweza. Nikagawa picha kwa miraba, nikapima toka jicho hadi jicho. Nikaweka vivuli kwanza, tabaka jembamba, nikangoja vikauke, ndipo nikatia mwanga. Rangi ya mafuta haina haraka, mwanangu, ukiilazimisha inakupasukia.

Nikaanza kumwona. Mzee wa mashavu malegevu, macho hayamtazami mtu, na ule mdomo, mwanangu, mdomo ulikuwa umetulia! Kama wa mtu aliyekula akashiba. Mbwa huuma kwa sababu ni mbwa. Huyu alikuwa mtu, akatufanyia yale yote, akaketi kuchorwa akiwa na amani.

Nilipoipeleka picha hiyo nyumbani, mama hakucheka kama majirani. Alikaa chini, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe iko muntu tu," akasema, kisha akamlilia baba yake kama aliyezikwa jana.

Leo nami nina wanafunzi, na wananichoma moyo. Nikiwaambia wamchore mnunuzi wa madini anayewapunja ndugu zao kwenye mzani, wananiletea shetani mwenye pembe, kazi ya asubuhi moja, wanataka nipige makofi. Sipigi! Pembe zinamsaidia yule mwizi. Watu wanacheka, wanakwenda zao, naye akipita barabarani hana pembe, hakuna anayemtambua.

Watu husema hasira ni hasara. Mimi sikubali. Katika nchi hii, asiyekasirika ama amelala ama anakula na wanaotuonea. Kasirika, mwanangu. Lakini kabla hujashika brashi, au kalamu, au hata kufungua mdomo kumsema mtu, mtazame mpaka umwone alivyo, usiongeze kitu wala usipunguze. Aliyekuonea hahitaji uongo wako ili aonekane mbaya. Na mwalimu akikukwangulia kazi yako, lia, kasirika, kisha rudi uanze upya.

Nenda sasa. Mungu akulindie macho yako, awape wanao ardhi ambako hawatachukuliwa kwa nguvu, na uishi miaka mingi kuliko wote waliotutesa.