Vidonge Nilivyomficha Mama

Mama alipoanza kusahau, nilivishuku vidonge. Daktari alikuwa amemwanzishia dawa ya kushusha kolesteroli, na haikupita miezi mitatu akawa anatia chumvi mchuzini mara mbili. Asubuhi huniuliza nimefika lini, na mimi naishi naye nyumba moja, hapa Kiembe Samaki. Jirani yetu anayeuza dawa za miti akanambia, "Ubongo ni mafuta, mwanangu. Hivyo vidonge vinauyeyusha." Neno hilo likanikaa.

Nikaacha kumpa. Badala yake nikawa namletea kidonge cha vitamini, cheupe vilevile, bila kumwambia. Alikigeuzageuza kiganjani, akanitazama, kisha akakitia mdomoni.

Wiki sita nilimvizia, nikingoja kichwa kirudi. Hakikurudi. Sauti yake ikawa nzito, na mchana wa jua kali akajifunika kanga mbili akilalamika baridi. Nikampeleka mjini kwa daktari wake yuleyule, mwanamke wa makamo. Mama alipokwenda kutolewa damu, nikakiri.

"Ni kweli ubongo unahitaji kolesteroli," alisema. "Lakini hauichukui kwenye damu. Unajitengenezea wenyewe. Kwa mtoto hutengeneza nyingi mno, kwa sababu mishipa ya fahamu inavishwa mafuta ili habari zipite upesi. Ukubwani hupunguza, ukawa unatumia ileile tena na tena. Uzeeni hupungua zaidi."

"Mbona kasahau baada ya kuanza dawa?"

"Wapo wachache wanaolalamika hivyo. Ukishuku, njoo uulize. Usimfiche mgonjwa. Na mie nataka kujua sababu ya kusahau kwake, ndiyo maana nampima damu."

Sikumwamini. Niliona anatetea dawa yake.

Majibu yalipotoka, tatizo lilikuwa tezi ya shingoni: imelegea, haitoi homoni za kutosha. Hilo peke yake hupandisha kolesteroli, na humfanya mtu asahau. Akapewa dawa ya tezi, na baada ya miezi kadhaa mama akawa mama tena. Hapo nikamweleza nilivyombadilishia vidonge.

"Nlijua," alisema. "Kile chako kilikuwa kitamu. Nkasema, huyu anataka kuniua."

"Na ukakimeza?"

"Nani kameza? Ukigeuka, nakitema."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku hizi dawa zake huzifungia kabatini, na ufunguo haniachii.