Blogu Iliponiuliza «Comment»

Nakiri ujinga wangu: nilijibu kitufe. Kozi yetu ya chuo hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilitaka kila mmoja aandike makala ya blogu, apewe alama. Chini ya makala yangu nikaona «Comment». Mi mtoto wa Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa, nikajua mashine inauliza «vipi», yaani umefanyaje? Nikaandika ukweli: «Mama Neema, jirani yangu mshonaji, njo alipanga aya na vichwa vyote. Jicho lake linaona aya iliyopinda kama mshono uliopinda. Mi nilikunywa chai.»

Kumbe kwa Kiingereza pale ni pa maoni, na darasa zima lilisoma. Mwalimu, kutoka Lilongwe, akanipa sifuri. Nikampelekea Mama Neema habari. Akasimamisha cherehani:

«Baba Amani, hii sifuri njo alama ya kwanza umepata we mwenyewe.»