Nilivyoshangilia Hukumu ya Kampuni Mbele ya Wakwe

Aibu hii nimeibeba mpaka nimechoka, na kwa vile kuna shangazi wa mke wangu kule Kenyenya ambaye kila akiniona anafunika mdomo kwa leso, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake imetiwa chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji chumvi).

Mimi na rafiki yangu Nyakundi, ninayefanya naye kazi mjini Kisii, tulikuwa tumenunua pamoja hisa za kampuni moja ya teknolojia ya Ulaya, kampuni ambayo kila ukiamka imempeleka mshindani kortini, huyu kaiga kioo, yule kaiba mtambo, na sisi wawili tulibishana juu ya kesi hizo kuliko mawakili wenyewe: yeye anataka tuuze, mimi nasema tungoje hukumu. Sasa hukumu ikaangukia siku ile ile niliyokuwa naenda na wazee wetu kwao mchumba wangu Kwamboka kuzungumzia mahari yake. Kwetu ilikuwa sikukuu, huko Ulaya korti ziko kazini. Nikajiambia nitaweka iafoni moja tu ya simu nisikilize habari, sikio la upande wa ukuta, nani ataona?

Chakula kikaletwa, mamake Kwamboka akaombwa aombe, na mama yule haombi kwa haraka, alianza na wagonjwa, akaja kwa mvua, akafika kwa majani chai, na alipokuwa akimsihi Mungu aziunganishe familia zetu, mtangazaji sikioni mwangu akasema kampuni imeshinda (ndivyo nilivyosikia), nami nikajikuta nimesimama, macho bado nimefumba, nikisema kwa sauti, "Tumeshinda!"

Shangazi zangu waliokuwa nje, wakidhani mahari imekubaliwa, wakapiga vigelegele na kuingia wakicheza. Mjomba wa Kwamboka akauliza taratibu tumeshinda nini, kwa sababu wao hawajataja hata ng'ombe mmoja. Nikaanza kueleza kesi, iafoni inaning'inia kifuani, na Nyakundi, ambaye nilimleta anisaidie, akatazama simu yake.

"Walioshinda ni wale wengine, ndugu yangu," akasema. "Sisi tumepigwa."

Basi tukasahau tuko wapi. Nikamwambia kuna rufaa, akaniambia rufaa ni ya kupoteza wakati, nikamwambia yeye ni mwoga tangu zamani, mpaka babangu akanivuta koti nikaketi. Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni. Sikuweza kumwangalia.

Babake ndiye aliyeingilia. Akauliza hiyo kampuni huwa inashtaki nani. Nikasimama tena, kwa heshima, nikajibu kwamba karibu kila mshindani wake. Akauliza tena.

"Na wewe ukikosana na binti yangu, utampeleka kortini?"

"Hapana, Baba. Nitaketi naye tuongee."

"Basi keti. Mama amalizie maombi."

Mama akamalizia, akaongeza na ombi moja la watu wenye hisa, na nikasikia wazee wa pande zote mbili wakijikaza wasicheke. Baada ya hapo mazungumzo yakawa laini ajabu, na kabla jua halijazama tulikuwa tumekubaliana.

Hisa tuliziuza, na Nyakundi hakunisuta hata kidogo, jambo lililoniuma kuliko matusi. Nimeapa: watu wakifumba macho kuomba, simu yangu inabaki ndani ya gari, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu litakuwa "Amina", tena baada ya wengine wote.