Otieno ametoa maoni kuhusu kikundi chetu cha farasi

Leo niliwauliza nyinyi wanachama turekebishe nini kwenye kikundi chetu kipya cha mtandaoni cha wenye farasi.

Nilidhani mtaicheka ile picha yangu na kitambi juu ya farasi. (Pole kwa farasi.)

Otieno wa ufuo wa Kongo, yule hupandisha watoto farasi, akanipigia simu.

"Mzee, toa jina langu na pale farasi analala. Asubuhi vijana wanaofukuza watu wa bara walikuja na panga, wakiniita majina yote matatu, vile nilijaza huko kwako."

Na ni mimi niliwalazimisha mjaze majina kamili na mtaa.

"Uko wapi?"

"Kanisani. Lakini hapa wamekataa farasi aingie. Nimemfunga nje, kila mtu anamwona."

Nimefuta majina yote.

Nani ana nafasi ya farasi mmoja, leo?

Nipigieni. Msiandike hapa.