Udongo Mweusi wa Bondeni

Tarehe 11 Februari 2023, kuanzia saa tatu na dakika kumi hadi saa sita kasoro robo, fundi cherehani kutoka Vuga alipima, kwa ajili ya mapazia, kila dirisha la nyumba aliyotaka kuinunua Dar es Salaam kwa akiba yake ya miaka tisa. Alipima mara mbili, penseli sikioni, kama cheti chake cha ufundi kilivyomtaka. Kisha akaminya udongo wa uani: mweusi, wenye unyevu. Kwao milimani, ndugu hugombania bonde la namna hiyo.

"Shikamoo, mama," alimwamkia jirani.

"Marahaba, mwanangu. Kitanda chako kina miguu mirefu?"

"Ya wastani, mama," alijibu kwa adabu, akafurahi kwamba majirani wanajali samani, akalipa.

Mwaka mmoja baadaye, masika yakiwa yameshamfikishia maji madirishani, alikuwa mpangaji wa chumba kilimani, na uani kwake bondeni palistawi mchicha kuliko popote mtaani.