Msusi Aliyerudishiwa Vidole

Saa tatu asubuhi, msusi anachana njia kwa ncha ya kitana na kuanza mstari wa kwanza. Nywele ni fupi, hazijafika hata urefu wa kidole, tena zinateleza. Anazikamata hivyo hivyo.

"Usinivute sana, dada," anasema mteja wake, mwanamke dereva wa lori. "Hizi nimezisubiri kuliko mtoto."

"Tulia. Ukitikisa kichwa utatoka na barabara yenye kona."

Saluni nzima inacheka.

Miaka mitatu iliyopita, mikono hii haikuweza kufunga kifungo. Viungo vilivimba, vidole vikajikunja, wateja wakapukutika, saluni ikafungwa. Hata nywele zake mwenyewe alisukwa na mumewe, fundi baiskeli.

"Alinisuka kama anayefunga mzigo kwenye keria," anakumbuka. "Lakini nilitoka nazo, nikatembea kifua mbele."

Hospitalini aliambiwa kinga ya mwili wake imegeuka, inavishambulia viungo vyake mwenyewe. Dawa za kawaida ziligonga mwamba. Ndipo daktari akamweleza kuhusu kingamwili iliyotengenezwa maabarani, dawa ambayo bado inajaribiwa kwa wagonjwa kama yeye na kwa wenye saratani ya damu. Kazi yake ni kuzisaka chembe za damu zilizoasi na kuziangamiza.

"Nikamwambia, daktari, mimi si panya wa majaribio. Hakukasirika. Akasema hana ahadi ya kunipa, na nikitaka kuacha, niache wakati wowote. Mtu asiyeniahidi kitu, huyo nikamwamini."

Kwenye chumba cha dripu ndiko alikomkuta dereva huyu, mgonjwa wa saratani ya damu, upara unang'aa.

"Akaniuliza kazi yangu. Nikasema msusi. Akajishika kichwa, akasema, basi leo hatuna biashara."

Dripu ya kwanza ilimpa msusi homa na kutetemeka. Miezi ikapita. Asubuhi moja jikoni alijikuta amefungua kifuniko cha chupa bila kuomba msaada. Akakaa chini, akakifunga, akakifungua tena na tena, mpaka mumewe akaja kumuuliza anatafuta nini humo. Baadaye akaifungua tena saluni.

Vipimo vya karibuni vya dereva navyo havikuonyesha saratani. Hata hivyo, daktari amewaonya wote wawili: ni mapema mno kusema wamepona, na wapo ambao dawa hiyo haikuwafaa.

Mchana, mstari wa mwisho unafungwa. Dereva anajipapasa polepole, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Kisha anaomba kioo cha pili aone nyuma.

Binti wa msusi anaolewa mwaka huu.

"Kichwa cha bi harusi ni changu," anasema mama mtu, akikunja na kukunjua vidole. "Na sitaki mtindo rahisi. Nataka ule unaomaliza siku nzima."