Mgeni Haulizwi Akiwa Mwambani

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho hadi leo. Ilikuwa nyuma ya nyumba zetu, upande wa Butiama, penye ule mwamba mrefu ulio wima. Nilisimama chini yake nikimtazama mzungu akishuka kwa kamba, na moyo wangu ukaniambia kwamba huyu ni mwizi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilikaa nyumbani nikisubiri kazi ambazo serikali ilikuwa imeacha kutoa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sukari imerudi madukani, mitumba imejaa Bunda na Musoma, wageni wanaingia kutoka kila upande. Lakini sisi macho yetu yalikuwa bado ya miaka ya foleni, miaka ambayo jirani akionekana na katoni mbili za sabuni unajiuliza amezitoa wapi, na pengine unakwenda kumnong'oneza balozi wa nyumba kumi. Mlango hufunguliwa siku moja. Mazoea huchukua muda wake.

Wageni walikuwa wawili, Jonas na mchumba wake Petra. Mwenyekiti wa kijiji aliwaruhusu, na kwa kuwa nilijua Kiingereza, mimi ndiye niliyewatafsiria. Walikuja kupanda miamba yetu. Walisema ni mchezo.

Mchezo gani, mwanangu? Kwetu mtu alipanda mwamba kwa sababu ya mbuzi aliyekwama, au asali, au kuwinda pimbi. Hawa walizunguka nyuma kwa njia ya mbuzi, wakafika juu, wakafunga kamba, kisha wakashuka mbele, penye hatari. Walipanda ili washuke. Walikuwa na nyundo ndogo ya kupigilia vyuma kwenye nyufa, na mkoa wetu una dhahabu. Mtu anayegongagonga jiwe hapa hatumwoni kama mcheza ngoma. Zaidi ya yote, walijipaka unga mweupe viganjani. Niliufikiria unga ule mpaka chakula kikanishinda. Mwishowe nikaamini kwamba unabadilika rangi ukigusa dhahabu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, nikajipa na cheti.

Nikaenda kwa Masatu, balozi wetu.

"Balozi, ule unga wao nafikiri ni wa kupimia madini."

"Unafikiri, au unajua?"

"Nafikiri najua."

"Msomi akifikiri, inatosha," akasema, akainuka kutafuta viatu vyake.

Kesho yake Jonas alishuka kwanza, akaja kusimama nami chini. Petra akafuata. Katikati ya mwamba pana mahali pamejitokeza, upana wake kama kitanda. Alikaa hapo kupumzika, akajifungua kutoka kwenye kamba, akaokota kitu, akakitia kwenye mfuko aliokuwa ameufunga kiunoni. Mara tukaona ncha ya kamba ikipanda. Ikampita usoni, ikaendelea kupanda. Jonas alicheka, akidhani anataniwa. Kisha huko juu kikatokea kichwa cha Balozi, na vijana wawili nyuma yake.

"Muulize ameweka nini mfukoni," Balozi akanipigia kelele. "Akisema kweli, kamba inarudi."

Nikauliza. Petra akajibu kwamba ni jiwe tu. Nikatafsiri.

"Mnasikia? Amekubali mwenyewe," Balozi akawaambia vijana. "Dalili ya mvua ni mawingu."

"Tumuache jua limuivishe kidogo," mmoja akasema. "Watu wa namna hii wanasemaga yote likifika utosini."

Petra alikuwa ameugandamiza mgongo kwenye mwamba. Magoti yalianza kumtetemeka, nasi tuliyaona kutoka chini. Jonas akajaribu kumfuata kwa mikono mitupu, akateleza, akarudi chini na kiwiko kimechunika. Akanishika bega, akaniomba niwaambie kwamba miguu ikitetemeka hivyo haikawii kuachia. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama msichana yule nikajiuliza kama anaigiza.

Kelele zikamleta bibi yangu, Nyamisi, mama yake baba, akiwa na kibuyu cha maji ya shambani. Alitazama juu kwa muda.

"Masatu," akaita, "mbuzi wako alipokwama hapa mwaka jana, mlimuuliza kwanza alifuata nini?"

"Mama, huyu si mbuzi. Huyu amebeba madini."

"Akianguka utamuuliza nani? Mrudishie kamba. Hapa hata mwenye kesi anapewaga maji, anakaa, ndiyo anaulizwa."

"Na akikimbia?"

"Kwa miguu hiyo?"

Vijana wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoilegeza mikono ya Balozi. Kamba ikashuka. Petra alijaribu kujifunga, vidole vikamkatalia, akajaribu tena. Alipogusa ardhi alikaa papo hapo kama mtoto. Bibi akampa kibuyu, akangoja anywe mpaka atosheke.

"Sasa mwambie afungue mfuko."

Ndani mlikuwa na mkate mkavu, unga, na jiwe la ukubwa wa yai, lenye mshipa uliong'aa. Petra akasema amelipenda, alitaka kwenda nalo kwao.

"Ni zuri kweli," Bibi akasema, akiligeuzageuza. "Mwambie lina wenyewe. Aliache."

Akaliacha. Balozi, aliyekwisha kushuka kwa njia ya mbuzi, akanitazama kama mtu aliyeshinda, na mpaka leo sijui kama hakushinda.

Kisha Bibi akanigeukia. "Unga ni wa nini?"

"Sijui, Bibi."

"Hukumuuliza?"

"Nilidhani..."

"Lugha yao kijiji kizima unaijua wewe peke yako. Ulikuwa unamtunzia nani?"

Nikamuuliza Petra palepale, kwa sauti ndogo. Alinifunulia kiganja kilicholowa jasho, akajipaka unga, akanishikisha, nikakikuta kikavu. Bibi naye akanyoosha mkono apakwe. Akasema ungemfaa kwenye mpini wa jembe.

Mwanangu, leo nyinyi ndio mnaowapeleka wageni kwenye vilima hivi, wengine kwa kamba, wengine kwa baiskeli. Sikuambii uwaamini wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wapo wageni ambao mwenyeji huamka akakuta zizi tupu. Kuwa na shaka, ila shaka yako iulize wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mwenye kushukiwa, naye akiwa amekanyaga ardhi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuikabidhi shaka usiyoipima kwa mtu aliyeshika kamba ya mwenzako, kwa sababu yeye hatarudi kukuuliza kama ulikuwa unajua au unafikiri. Na ukiona magoti ya mtu yanatetemeka, kesi ingoje. Jiwe linaweza kurudishwa, mwanangu. Mtu akishaanguka hatumrudishi.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza mapema, na kila utakayempandisha, mwema kwa mwovu, umshushe akiwa hai.